Piga Picha Ubavu wa Kulia

Wadhani sayansi ni ya wasomi wa vyuo vikuu pekee? Hasha! Januari 2016, mamia ya raia wa kawaida walijitolea kwa siku mbili kuwahesabu punda milia wa Grevy huko Laikipia, Samburu, Isiolo na Marsabit. Kila mmoja aliambiwa apige picha ubavu wa kulia tu. Kwa nini? Milia ni kama alama za vidole; hakuna punda wawili wanaofanana, na hata mbavu zake mbili hutofautiana. Hivyo hakuna aliyehesabiwa mara mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa yapata 15,000. Leo hawafiki 4,000. Mzazi, hesabu nyingine ikitangazwa, nenda na watoto. Kamera si ya arusi tu!