Mita Kubwa, Ugonjwa Mdogo

Mwalimu mmoja wa Mbagala alinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja kwa sababu yangu. Gari lake lilikuwa linalala tangu Jumapili, na Jumamosi haliwaki. Nikabana waya wa betri kwa klampu mita, nikasoma 0.0, nikamwambia, "Mwalimu, betri imekufa." Haikuwa imekufa. Rilei iliyonata ilikuwa inanyonya ampea 0.35 usiku na mchana.

Piga hesabu. Ampea 0.35 kwa saa 24 ni ampea-saa 8.4, siku sita ni 50. Betri yake ilikuwa ya 60. Ingewashaje gari?

Mita yangu ilikuwa ya ampea 600, nami nilijivunia namba hiyo. Kitabu chake sikukisoma: hatua yake ndogo kabisa ni ampea 0.1, na kosa lake ni asilimia 2 pamoja na tarakimu 5 za mwisho. Tarakimu 5 hapo ni nusu ampea. Nilikuwa natafuta ugonjwa mdogo kuliko kosa la kipimo chenyewe.

Ndiyo maana nasema mafundi wengi wa umeme wa magari tunanunua mita kinyume. Tunatazama namba kubwa kwenye boksi, wakati kazi inayotushinda iko kwenye namba ndogo. Gari lililozimwa, kompyuta zake zikishalala, kwa kawaida halipaswi kunywa zaidi ya miliampea 50 hivi. Mita ya kuona hapo isome miliampea moja moja, tena iwe ya DC kweli. Nyingi za bei nafuu hupima ampea za AC tu, na kwenye betri ni vipofu. Iwe pia na kitufe cha sifuri, maana hata usumaku wa dunia huisogeza. Kibonyeze ukiwa umeishika pale pale utakapopimia, kabla hujabana waya.

Asiye na uwezo leo azungushe waya mwembamba unaopitisha umeme huo mara kumi ndani ya taya, kisha jibu aligawe kwa kumi. Inasaidia, ingawa haigeuzi mita mbovu kuwa nzuri.

Mwalimu nilimrudishia fedha ya betri ya pili. Mafundi wenzangu, mkifika dukani ombeni kitabu, msome mstari wa ampea ndogo kabla ya kutoa hela. Mteja asiyejua umeme hana wa kumwamini ila sisi.