Baba alikuwa na nini?

Mtoto akichaguliwa kwenda seminari, Namanyere yote, hapa kwetu Ufipa, inasema ana wito. Ndugu yake aliyebaki shambani na ulezi hasemwi hivyo. Jumapili ya kuombea miito tunawataja mapadre na watawa, tunapiga ishara ya msalaba, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anakwenda zake kulala kama mtu ambaye sala ile haikumhusu.

Toleo hili linabishana na desturi hiyo, na hoja tumeifuata Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Wamisionari wa Afrika waliweka kituo mwaka 1885. Mipaka imehama, Karema leo ni ya Mkoa wa Katavi na Jimbo la Mpanda, lakini sisi Wakatoliki wa Ufipa bado tunaihesabu kuwa chimbuko letu.

Mwaka 1889 alifika pale kijana aitwaye Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo sasa ni Mali. Aliibwa utotoni, akauzwa, akavushwa jangwa hadi Algeria, na huko wamisionari wakamkomboa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, alikuwa akitaka vijana Waafrika wawe matabibu na makatekista kwa wakati mmoja, basi Atiman akapelekwa Malta kusomea udaktari. Hakuwa padre wala bruda. Alitibu na kufundisha dini Karema mpaka alipofariki mwaka 1956.

Mtu asije akaniambia Mungu alipanga aibwe ili Karema ipate daktari. Kuiba mtoto ni dhambi, na haigeuki kuwa baraka kwa sababu tu yaliyofuata yalikuwa mema. Ninachokiona mimi ni kwamba karibu kila kitu alichaguliwa na wengine: shule, kazi, hata nchi ya kuishi. Kilichobaki mikononi mwake ni kuamka kesho yake na kumpokea tena mgonjwa yule yule wa jana, mwenye kikohozi kile kile. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 60, na hapo ndipo ninapouona wito wake.

Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Mwana wao Joseph akapadirishwa mwaka 1923. Kwa lugha yetu ya Namanyere, siku hiyo nyumba ya Atiman ilipata wito. Je, baba alikuwa na nini miaka 34 kabla ya hapo? Kibarua?

Mapadre wasikunje uso. Hakuna anayewanyang'anya kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1964 kwamba utakatifu ni wa wabatizwa wote. Neno hilo tulilisikia, tukalikalia.

Kwa hiyo safari hii hamtaona picha za jubilei. Wameandika katekista wa kigango, mkunga, fundi cherehani na mnunuzi wa mahindi. Niliwaomba waeleze kazi zao tu, bila kuhubiri. Mnunuzi ameandika ukurasa mmoja, kuhusu msimu alioamua kuacha lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kipimo, na kununua kwa mizani. Wenzake sokoni walimcheka, na faida ikapungua. Nilimuuliza kama imerudi. Akasema mizani bado anayo.