MLANGO WAZI, LAKINI KWA NANI?

Wandugu wafanyakazi, na ninyi nyote wa mjini,

Sisi makarani wa mashimo ya shaba kazi yetu ni kuandika. Tunaandika uzito wa mifuko, namba ya lori, na mahali mzigo unapokwenda. Kila siku tunaona jambo moja. Malori yanatoka Kolwezi na Likasi, yanapita Kasumbalesa, yamebeba shaba na kobalti. Kwa barabara ileile malori mengine yanaingia na unga wa mahindi kutoka Zambia, ili tupate bukari. Tunauza kilicho chini ya miguu yetu, tunanunua kinachoingia kinywani. Ni nani aliyepanga hivi?

Wengine watasema: ni uvivu wetu. Hapana. Tusome habari za zamani.

Mwaka 1885, huko Berlin, wakubwa wa Ulaya na wenzao waliandika sheria ya biashara ya bonde la Kongo. Walisema: mlango uwe wazi kwa mataifa yote, na mali inayoingia isitozwe ushuru. Mkongo hata mmoja hakuwa mezani. Mwaka 1890, huko Brussels, waliruhusu ushuru wa kuingiza mali, lakini usipite 10 kwa 100. Basi, nchi isiyoweza kutoza mali ya wageni italinda namna gani viwanda vyake vya kwanza? Mtoto anayeanza kutembea alishindanishwa mbio na watu wazima, kisha akaambiwa: njia ni moja kwa wote.

Hayo ni ya zamani. Je, ya leo? Kongo ni mwanachama wa Shirika la Biashara la Dunia tangu 1997. Sheria yake kubwa iliandikwa mwaka 1947, wakati sisi tulipokuwa bado tunatawaliwa. Kifungu cha 11 kinasema: nchi isikataze mali kutoka, wala isiiwekee kipimo. Kutoza kodi kunaruhusiwa. Kukataza hapana, isipokuwa kwa sababu chache.

Tazameni Indonesia. Nchi ile ina mawe ya nikeli. Januari 2020 ilifunga mlango: jiwe lisitoke mpaka lisafishwe kwanza nyumbani. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuishitaki mwaka 2019, na Novemba 2022 waamuzi walisema Indonesia imevunja sheria. Indonesia ikakata rufani. Lakini baraza la rufani lilikosa waamuzi wa kutosha tangu Desemba 2019, maana Marekani ilizuia wapya wasiteuliwe. Kesi ikalala, viwanda vikajengwa. Tunajifunza nini? Kwamba wenye nguvu wakichoka na sheria wanaiweka pembeni, lakini mnyonge anaambiwa aishike kama katekisimu.

Na sisi? Zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka kwetu, lakini bei ilikuwa imeanguka sana. Februari 2025 Leta ilisimamisha kobalti isitoke. Tangu 16 Oktoba 2025 ikairuhusu kwa kipimo. Kwa mwaka 2026 ni tani 96,600. Bei ilipanda. Wengi wetu tulinung'unika, tukaogopa kazi. Manung'uniko yale yalikuwa ya haki, maana anayeumia kwanza si mwenye mali, ni mwenye koleo. Hatusemi Leta ilikosa. Tunasema kazi haijaisha. Kupunguza mifuko kunapandisha bei, hakujengi kiwanda. Kobalti yetu bado inasafishwa hasa huko China, na betri zinatengenezwa mbali na mashimo yetu.

Tena tusidanganyane. Tangu 2001 Ulaya inapokea mali za nchi maskini kabisa, na Kongo ni mojawapo, bila ushuru, isipokuwa silaha. Mlango ule uko wazi. Lakini tunapitisha nini? Bila umeme wa kutosha, bila mafundi wa kutosha, mlango wazi ni wa kupitishia mawe tu.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, ushuru wa jiwe lisilosafishwa uwe mzito kuliko wa lililosafishwa, maana kodi sheria inairuhusu. Pili, fedha ya ushuru ule iandikwe katika kitabu chake, ijenge umeme na shule za ufundi, na kitabu kile kisomwe mbele ya watu. Tatu, Leta isiende mezani peke yake. Iende pamoja na Zambia, ambayo mwaka 2022 iliandikiana nasi mapatano ya kutengeneza betri, na wote wawili waseme kwa sauti moja kwamba kifungu cha 11 kiwape nchi maskini nafasi ya kukuza viwanda.

Wandugu, sisi makarani hatutaki kuandika mpaka uzeeni: mfuko wa kobalti umetoka, mfuko wa unga umeingia. Ulizeni sendika zenu, ulizeni wajumbe mliowachagua: kitabu kile kiko wapi, na nani anakisoma?