Pointi Moja ya Sabu

Kuna sheria moja ambayo kila meneja wa Fantasy kutoka Matisi hadi Bungoma mjini ameikariri kuliko namba ya kitambulisho chake: usinunue mtu asiyeanza mechi. Weka winga wa akiba kwenye kikosi chako, dedlaini ipite, uone. Kabla hujamaliza chai ya Jumamosi asubuhi, grupu ya WhatsApp imeshakuuliza kama uko sawa. "Huyo ni wa dakika ishirini, buda. Umetupa pesa." Mabishano yanaishia hapo, kwa sababu hesabu iko upande wao.

Na kweli iko upande wao. Tuiweke mezani ili mtu asiseme nimeikwepa. Kwenye Fantasy ya Ligi Kuu ya Uingereza, mchezaji akifikisha dakika 60 anapata pointi 2. Asipofika hapo, hata kama ametoka dakika ya 59, anapata 1. Msimu una mechi 38. Straika anayeanza zote na kufikisha dakika hizo 60 ana pointi 76 kabla hajatikisa wavu hata mara moja. Mchezaji wa akiba, yule tunayemwita sabu, akiingia katika mechi zote 38 ana pointi 38. Bao la straika ni pointi 4. Kwa hivyo sabu anahitaji karibu mabao 10 zaidi ya mwenzake ili tu walingane. Sabu wa namna hiyo bado hajazaliwa.

Kuna baya zaidi. Una wachezaji 15, 11 wanaanza, 4 wako benchi. Mtu wako wa kikosi cha kwanza asipocheza kabisa, yule wa benchi anachukua nafasi yake na pointi zake zinahesabiwa. Lakini huyo wa kwanza akiingia hata dakika ya 89, mlango umefungwa. Unabaki na pointi yake 1, huku wa benchi lako akikaa na pointi zake 9 bure kabisa. Maana yake ni kwamba mchezaji aliyelala nyumbani na homa anakufaa kuliko aliyevua trakisuti, akaingia kwenye mvua na kukimbia. Fantasy inamwambia huyo wa pili: afadhali usingekuja.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Sigombani na hesabu. Ukitaka kushinda ligi yenu, fuata hesabu. Nagombana na kile tunachokifanya baada ya kuhesabu: tunachukua bei ya Fantasy na kuiita thamani ya mtu. "Hana thamani" ni maneno mazito. Fantasy haina uwezo wa kuyasema. Kinachopimwa pale ni muda wa kukaa uwanjani pamoja na vitendo vichache vilivyochaguliwa na walioandika sheria. Kazi ya kuingia baadaye na kubadilisha mechi haikuchaguliwa.

Mchukue Xherdan Shaqiri. Tarehe 16 Desemba 2018, Anfield, Liverpool na Manchester United wako 1-1. Dakika ya 70 anaingia mashoto mfupi mwenye mapaja kama magunia ya mahindi. Kabla ya dakika ya 81 ameshafunga mawili. Mechi inaisha 3-1, na siku mbili baadaye José Mourinho hana kazi. Utaniambia: si Fantasy ilimlipa? Kweli, kiungo anapata pointi 5 kwa kila bao, kwa hivyo 1 na 5 na 5 ni 11 kabla ya bonasi. Lakini Fantasy ililipa mabao. Haikulipa sababu ya kocha kumweka pale kando. Jürgen Klopp alihitaji mguu wa kushoto ulio mbichi dhidi ya walinzi waliokimbizwa kwa zaidi ya saa nzima. Hiyo ni kazi maalum yenye saa yake maalum. Anayeifanya si mtu aliyekosa nafasi ya kwanza akapewa makombo.

Kwa watu wa mashoto hili si geni. Katika nyumba zetu nyingi mtoto wa mkono wa kushoto anachapwa mkono mezani na kuambiwa asisalimie wazee kwa "mkono mbaya". Mtoto huyo huyo akifika uwanjani, kocha anamkumbatia kwa sababu kona ya upande wa kulia ikipigwa kwa kushoto inajikunja kuelekea goli. Mkono haukubadilika. Kilichobadilika ni kipimo.

Sasa mchukue Divock Origi, ambaye hapa kwetu tunamfuata kama ndugu, maana babake ni Mike Okoth aliyechezea Harambee Stars. Tarehe 4 Desemba 2021, Wolves na Liverpool hawajafungana. Origi anaingia kipindi cha pili na kufunga dakika ya nne ya muda wa nyongeza. 1-0, pointi tatu za ligi. Fantasy inampa 1 ya kuingia na 4 za bao, jumla 5 kabla ya bonasi. Siku hiyo hiyo, mlinzi yeyote wa Liverpool aliyemaliza mechi bila kadi alipata 2 za muda na 4 za kutofungwa, jumla 6. Sitaki kuwanyima walinzi haki yao. Nasema tu kwamba mtu aliyeamua mechi alianza chini ya wale ambao, bila yeye, wangerudi nyumbani na sare.

Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2019 kule Madrid pia aliingia kama sabu, akafunga la pili dakika ya 87. Hilo halimo kabisa kwenye Fantasy tunayocheza, kwa sababu ni mashindano mengine. Origi aliondoka Liverpool na mabao 41 katika mechi 175. Kwa jedwali la Fantasy, huyo ni mtu wa kupita tu. Muulize shabiki yeyote wa Liverpool pale steji ya Kitale kama Origi ni mtu wa kupita. Jiandae kuchelewa gari.

Ukitaka kujua ugonjwa huu ulitoka wapi, lazima uende kule Fantasy yenyewe ilikozaliwa, na si kwenye kandanda. Ni kwenye besiboli ya Marekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na wenzake walianzisha ligi ya kubuni mjini New York, wakaipa jina la mkahawa walikokutana, La Rotisserie Française. Besiboli si mchezo wetu huku, ingawa si wa mbali hivyo: vijana wa Lugazi, hapo Uganda, mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport.

Katika besiboli kuna mtupaji anayeanza mechi na kuna watupaji wa akiba wanaoingia baadaye. Miongoni mwa hao wa akiba kuna mashoto, anayeitwa hasa kumkabili mpigaji ambaye naye ni mashoto, kwa sababu mpira wake unajikunja kumkimbia mpigaji huyo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutupia mtu mmoja au wawili, kisha anatoka. Tangu 2020 sheria inamlazimu akabili wapigaji watatu au amalize zamu. Ligi ya akina Okrent ilihesabu, miongoni mwa mambo mengine, ushindi wa mtupaji na mechi alizozifunga kwa kuulinda uongozi hadi mwisho. Mashoto wa katikati hupata ushindi mara chache, na mara nyingi si yeye anayemaliza. Kwa hivyo kwenye Fantasy alikuwa takataka.

Lakini angalia nani anashikilia rekodi ya kutupa katika mechi nyingi zaidi kwenye historia ya ligi kuu ya Marekani. Ni Jesse Orosco: mechi 1,252 kati ya 1979 na 2003. Ni mashoto na ni wa akiba. Kwa wastani alitupa zamu moja tu kwa mechi, na mechi ya kawaida ina zamu tisa. Mtu asiye na thamani haitwi mara 1,252. Makocha walijua kitu ambacho wahasibu wa Fantasy hawakukiona.

Na wahasibu wenyewe baadaye walikubali kwamba kuna shimo. Miaka ya 1980 ikabuniwa takwimu nyingine inayomhesabia mtupaji aliyeingia timu ikiongoza na kuondoka uongozi ungali salama. Leo ligi nyingi za kubuni zinaitumia. Mashoto yule yule, aliyekuwa takataka Jumatatu, akawa mali Jumanne, na mkono wake haukuwa umeongeza hata nguvu kidogo.

Fantasy yetu nayo imefanya hivyo hivyo. Hadi msimu wa 2024/25, beki aliyekaba, kuzuia na kuondoa hatari mchana kutwa hakupata pointi ya moja kwa moja kwa kazi hiyo. Ilichangia tu hesabu ya bonasi. Msimu wa 2025/26 sheria ikabadilika: beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi anapata pointi 2. Ghafla mabeki tuliowaita wa kujaza nafasi wakawa wanatafutwa kama mafuta ya bei ya chini. Je, walijifunza kukaba mwezi wa Agosti? Walikuwa wakikaba miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tukisema hawana thamani kwa sababu apu ilisema hivyo.

Najua jibu linalokuja. "Maze, ni mchezo tu. Mbona unajichosha?" Ingekuwa mchezo tu kama lugha yake ingebaki kwenye simu. Haibaki. Fantasy ina mameneja zaidi ya milioni 10 duniani, na wengi wetu tumejifunza kuongea kandanda kupitia hiyo kabla ya kupitia uwanja. Simama kando ya mechi ya mtaa kule Saboti au Kiminini, mashindano ya Desemba yakiwa yamepamba moto, usikilize vijana wakijadili wachezaji wanaowajua kwa majina ya mama zao. "Yule ni wa pointi moja." "Huyo muuze." Anayesemwa ana miaka 17, yuko hatua tano kutoka kwao, amevaa jezi iliyomzidi, na anasikia.

Nimeshuhudia timu ya mtaa ikigawa pesa ya ushindi: walioanza wakapata fungu kamili, walioingia wakapata nusu. Mmoja wa waliopata nusu ndiye aliyekuwa amepiga pasi ya bao. Hakuna aliyeona ajabu. Hesabu ilikuwa imeshaingia vichwani: dakika chache, thamani chache. Halafu msimu unaofuata kocha analalamika kwamba anafika uwanjani na watu 12, na mmoja wao ni mwenye baiskeli aliyebeba mipira. Kijana akifundishwa kwamba kuja kwake hakuna maana, ataacha kuja. Hakuna siri hapo.

Na sisi tunaosoma hili tukiwa mjini tusijifanye hatuhusiki, kwa sababu wengi wetu ndio sabu. Mwalimu wa intern wa JSS anaingia darasa lile lile, na vipindi vile vile, kwa posho ambayo mwaka 2024 ilikuwa shilingi 20,000; mwaka huo waligoma kudai ajira ya kudumu. Kibarua anayeitwa wiki ya mwisho ya mavuno, wingu limetanda na mahindi bado yako shambani, ndiye anayeokoa gunia lisioze, lakini jina lake halimo popote. Tunaichukia hesabu hiyo inapotupata sisi. Kisha Jumamosi tunashika simu na kuifanyia wengine.

Kwa hivyo nina mapendekezo mawili.

La kwanza ni kwa maadmini wa ligi za WhatsApp. Wekeni mfuko mdogo kando. Kila wiki kila meneja ataje mchezaji mmoja ambaye anaamini hataanza. Akianza, hupati kitu. Akiingia na kufunga au kutoa pasi ya bao, una pointi 5 za grupu. Mtaona jinsi mtakavyoanza kuangalia benchi: nani anapasha misuli, kocha anamwita nani, beki yupi amechoka na mashoto gani atamsumbua. Mtajua kandanda zaidi kuliko mnavyoijua sasa, na wale wanaonakili vikosi kutoka YouTube watabaki mikono mitupu.

La pili ni kwa wanaoandaa mashindano ya wadi na shule, na kwa makocha wetu. Mna zawadi ya mfungaji bora, ya kipa bora, hata ya shabiki bora. Ongezeni ya sabu bora. Na pesa ya timu igawanywe sawa kwa kila aliyevaa jezi siku ile, aliyeanza na aliyeingia. Apu itaendelea kumpa pointi 1. Hiyo ni kazi ya apu, na wala haimjui kijana huyo. Sisi tunamjua.