Mashine ya mkate: Fundi aulizwe kabla ya bei

KATIKA mitaa ya Kanyenye, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Tabora, chai ya asubuhi haikamiliki bila kitafunwa. Akina mama wengi wanaojua kukanda unga wanatafuta namna ya kuongeza kipato bila kutoka nyumbani, na ndiyo maana mashine ndogo za umeme za kuoka mkate zinawavutia. Mtu anatia unga, maji, chumvi, sukari na hamira, anabonyeza kitufe, na baada ya saa tatu hadi nne anatoa mkate. Kukanda, kuumua na kuoka, vyote vinafanywa na mashine.

Kwa matumizi ya nyumbani, uzuri huo haupingiki. Tatizo linaanza pale mjasiriamali anapokopa ili ainunue kwa biashara. Kifaa hiki kilibuniwa kwa ajili ya meza ya familia. Kilianza kuuzwa nchini Japani katika miaka ya 1980, kikiwalenga watu waliotaka mkate mmoja wa moto asubuhi, si waokaji wa kuuza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mashine inayotoa mkate mmoja kwa saa tatu, ikifanya kazi saa 12, itatoa mikate minne. Tuseme kila mkate unabakiza faida ya shilingi 300. Hiyo ni shilingi 1,200 kwa siku, au 31,200 kwa siku 26 za kazi. Kama mashine imenunuliwa kwa shilingi 300,000, itachukua zaidi ya miezi tisa kurudisha fedha hizo, bila riba, bila ujira wa mwokaji na bila kuharibika hata mara moja. Oveni inayobeba mikate 24 kwa mpigo mmoja ingeleta, kwa faida ile ile, shilingi 7,200, mradi wanunuzi wawepo.

Umeme si mzigo mkubwa kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa mkate mmoja hauli zaidi ya nusu yuniti hivi. Hofu kubwa ni umeme kukatika. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, lakini umeme mwingi bwawani hauzuii nguzo kuanguka mtaani wakati wa mvua. Mashine nyingine hukumbuka zilipoishia kama umeme umekatika kwa dakika chache tu. Nyingine husahau kila kitu na kuanza upya, ilhali hamira imekwisha kufanya kazi yake na unga umeumuka. Hapo mkate umepotea.

Kwa hiyo mnunuzi makini halipi kabla ya jaribio. Mashine iwashwe dukani, iachwe ikande, kisha ichomolewe kwa dakika tano na kuchomekwa tena. Ikiendelea pale ilipoishia, hiyo inafaa. Ikianza upya, irudishwe kwenye rafu. Wakati inakanda isikilizwe pia: mlio wa kukwaruza au harufu ya mpira unaoungua ni dalili ya mkanda uliochoka.

Kibandiko cha nyuma nacho kisomwe. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Mashine ya mtumba kutoka Japani imetengenezewa volti 100, na ya Marekani volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja ukutani itaungua, na gharama ya transfoma inaweza kumaliza unafuu wote wa bei. Rahisi ghali.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni vipuri. Sehemu zinazochakaa mapema zinajulikana: mkanda unaozungusha, kipande cha chuma kinachokanda, na mpira unaozuia maji yasivuje chini ya chombo cha unga. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Tabora. Mashine ambayo mkanda wake haupatikani mjini itakaa juu ya kabati wiki nzima ikingoja mzigo, na wateja watahamia kwa jirani. Busara ni kumwendea fundi kwanza, kumuuliza ni aina gani amewahi kuzifungua na vipuri gani anavyo, kisha ndipo kwenda dukani.

Mkulima naye ana hisa katika uamuzi huu. Tabora inalima muhogo na viazi vitamu, na unga wake unaweza kuchanganywa kwa kiasi kidogo na wa ngano ili kupunguza gharama. Lakini mashine nyingi zimepangiwa muda wa unga wa ngano peke yake. Anayekusudia kuchanganya achague inayomruhusu kupanga mwenyewe muda wa kukanda na kuumua, la sivyo atapata mkate mzito usiouzika.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024. Ni fedha za kurejesha, si zawadi. Kikundi kinachotaka kuoka kwa ajili ya kuuza kingefanya vema kuanza na oveni ya gesi au ya umeme ambayo fundi wa Tabora anaweza kuifungua na kuifunga, na unga ukakandwa kwa mikono mpaka soko litakapodai mashine ya kukandia. SIDO, ambayo kazi yake tangu 1973 ni kuhudumia viwanda vidogo, ni mahali pa kuuliza kabla ya kutia saini.

Mashine ndogo ya mkate ibaki jikoni kulisha watoto. Rejesho la mkopo halisubiri mkate mmoja kila baada ya saa tatu.