Mlezi Asiyelala Bwenini

Makala zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili aghalabu zimeandikwa na watu wanaoamini kwamba tabia ya mwanafunzi wa chuo kikuu hujengwa kwa semina. Na madhali imani hiyo imekwisha kuota mizizi hata katika ofisi za washauri wa wanafunzi, ambako siku hizi mafanikio ya bweni hupimwa kwa idadi ya sahihi zilizomo katika karatasi ya mahudhurio, tumeona si insafu kuzikabidhi kwa wasomaji pasipo kutia neno letu.

Kwamba dahalia ni mahali pa malezi, hilo halina ubishi. Makerere ililimaizi tangu zama za uhusiano wake na Chuo Kikuu cha London, ikalipa kila bweni mlezi wake, ukumbi wake wa kulia na fahari yake, hata leo ukikutana na mzee aliyesoma huko, kabla ya kukutajia somo lake atakwambia kama alikuwa Mitchell, ama Livingstone, ama Mary Stuart. Dar es Salaam nayo ilipata mwaka 2017 majengo 20 ya kulaza wanafunzi 3,840, yaani watu 192 katika kila jengo. Na katika yote tuliyoyasoma juu ya majengo hayo, mengi yalihusu saruji na shilingi, machache mno yalihusu nani atakayelala humo awe mlezi.

Atakaye kujua kijana hukulia wapi hasa, na atazame kubebana, jambo ambalo kanuni hulikataza na kila aliyepita Mlimani analifahamu. Wawili katika kitanda cha mtu mmoja, wamelala mzungu wa nne, hupatana bila ya mkufunzi wala chai ya saa nne nani azime taa, nani ateke maji bomba likikauka, na usiku wa kuamkia mtihani nani aende kusomea ukumbini ili mwenziwe apate usingizi. Mbebwaji hujifunza kuishi kwa hisani ya mtu pasipo kumlemea, na mbebaji, jambo lililo gumu zaidi, hujifunza kutoa pasipo kusimanga. Hatuusifu msongamano: vyoo vina kiasi chake, na kunguni hawamlei mtu. Tusemalo ni kwamba murua huo umezaliwa na dhima, kwa sababu kijana amekabidhiwa binadamu mwenziwe na hana wa kumsukumia; ilhali programu zetu humkabidhi kalamu, daftari na fulana yenye nembo. Lau wenye chumba wangeachiwa waandike wenyewe mapatano yao, na baraza la ghorofa likapewa mamlaka ya kusuluhisha magomvi pamoja na fedha za kununulia taa na vitasa, tungeona ukuaji ambao semina haijapata kuuleta, seuze mabango.

Wala dhima hiyo haiwezi kusimamiwa na mtu ambaye saa kumi na moja jioni huwa amekwisha kupanda gari kurudi kwake. Ugomvi wa bwenini huzuka saa sita za usiku, na kijana aliyefiwa na mzazi hupokea simu ya nyumbani alfajiri.

Makala ya unasihi kutoka Kampala isomwe kwa utulivu. Ile ya Nairobi, juu ya wanafunzi wanaopanga mageto nje ya chuo, ni fupi na ni nzuri. Ile inayopendekeza programu ya simu ya kupima ukuaji wa nafsi tumeichapa, kwa kuwa nafasi ilikuwapo.

Nao walezi wanaolala Kimara au Ntinda, na posho ya ulezi wakaipokea kila mwezi, tunawataka waandike kujitetea. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwao.