Kliniki za kisukari zikague pia kinywa

Mgonjwa wa kisukari anapofika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira, kinywa chake kinastahili kukaguliwa siku ile ile anapopimwa sukari.

Sukari nyingi katika damu hudhoofisha kinga, fizi zikavimba na kuoza. Uvimbe huo nao huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Bakteria wa kinywani wanaweza kuingia katika damu na kushambulia vali za moyo zilizokwisha kudhurika. Usaha wa jino bovu ukishuka shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa na kuua.

Tatizo la fizi si la wachache. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na fizi zinazotoa damu.

Huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, hivyo serikali za Kisii na Nyamira hazina kisingizio. Ziajiri maafisa wa meno katika hospitali ndogo, na ziwafunze wahudumu wa afya ya jamii, ambao tayari huzuru nyumba kutoka Bobasi hadi Borabu, kuuliza kuhusu fizi na meno.

Nawe msomaji, mweleze daktari wako kuhusu jino linalokusumbua, na mweleze daktari wa meno dawa unazotumia. Meno ni sehemu ya mwili, yatibiwe hivyo.